Miswada ya Lamu: kutoka kwenye wino hadi kwenye seva

Wasomaji wangu, mnajua kwamba hapa huwa naandika kuhusu programu na hifadhidata. Leo nataka tuzungumze historia. Msikimbie, tarakilishi zitaingia baada ya muda mfupi!

Hapa Eldoret tuko mbali na bahari, na wengi wetu tulikua tukiamini kwamba Kiswahili kilianza kuandikwa wamishenari walipofika na herufi za Kirumi. Si kweli hata kidogo. Kuna barua za Kiswahili za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo mpaka leo ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka kule Pate. Na Siyu, katika kisiwa hichohicho cha Pate, ulikuwa mji unaosifika kwa mafundi wa kunakili Kurani kwa mkono na kuipamba kwa rangi. Yaani maktaba tulikuwa nazo zamani.

Sasa jiulize, maktaba hizo zilidumu vipi? Karatasi ina maadui wengi Pwani: joto, unyevu, chumvi ya baharini, mchwa. Dawa ilikuwa moja tu, kunakili. Mwanafunzi alinakili kitabu cha mwalimu wake, naye mwanafunzi wake akanakili chake. Mtu akifariki, vitabu vilirithiwa au viliwekwa wakfu msikitini ili vitumiwe na wote. Kwa lugha yetu ya tarakilishi, hiyo ndiyo bekapu, nakala nyingi katika mikono mingi.

Hatua ya pili ni ya wakusanyaji kutoka nje. Mmishenari W. E. Taylor alikaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 akakusanya mashairi, yakiwemo ya Muyaka bin Haji, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Baadaye wakaja Alice Werner na William Hichens. Miswada yao mingi iko London, katika chuo cha SOAS. Mjerumani Ernst Dammann naye alifika Lamu katika miaka ya 1930 na kazi yake ikaishia Ujerumani. Tuseme haki, watu hawa waliokoa mengi ambayo leo yangekuwa vumbi. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Lamu aliyetaka kusoma alichoandika babu wa babu yake alihitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege. J. W. T. Allen alifanya tofauti: miswada aliyokusanya katika miaka ya 1960 iliwekwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970.

Hatua ya tatu ndiyo yetu sisi watu wa tarakilishi. Mwaka 2004 British Library ilianzisha mpango wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini duniani, unaojulikana kwa kifupi kama EAP. Sharti lake moja limenipendeza sana: nyaraka halisi haziondoki katika nchi yake. Kinachosafiri ni picha, na nakala ya picha hizo inabaki kwa wenyewe. Kwa utaratibu huo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha katika mradi ulioongozwa na mwanahistoria Anne Bang wa Norway. Riyadha ni msikiti na chuo cha Habib Saleh, masharifu aliyetoka Ngazija. Miswada hiyo ni zaidi ya mia moja: fikihi, sarufi ya Kiarabu, tasawufi, dua. Mingine ina maandishi ya wakfu yanayoonyesha nani alitoa kitabu na kwa ajili ya nani. Maandishi hayo madogo ya pembeni ni historia kamili ya mji, maana yanaonyesha elimu ilivyosafiri kati ya Hadhramaut, Visiwa vya Ngazija na Lamu.

Basi kazi imekwisha? Bado sana.

Kwanza, picha si maandishi. Tarakilishi ikitazama picha ya ukurasa inaona rangi tu, haiwezi kukutafutia neno. Herufi zenyewe si tatizo. Unicode imekuwa na herufi za Kiarabu tangu toleo lake la kwanza la 1991. Tatizo ni tahajia. Kiarabu hakina "p", kwa hiyo waandishi wengi wa zamani walitumia ba kwa sauti zote mbili. Ukikuta ba na ta, zote zina fataha, ni "bata" au "pata"? Kasra nayo inaweza kuwa "i" au "e", na dhumma "u" au "o". Msomaji wa Lamu anaamua kwa maana ya sentensi, programu haijui maana. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa (1924–2008), aliyefundisha SOAS, alipendekeza pamoja na P. J. L. Frankl mwaka 1997 mfumo wa tahajia unaoondoa utata huo. Baadaye mtengenezaji programu Kevin Donnelly aliandika Andika!, zana huria za kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kukigeuza kuwa cha Kirumi. Mzee wa Mombasa alitoa kanuni, mtu wa programu akazifanya zitembee. Hivyo ndivyo inavyotakiwa!

Pili, seva nayo ina mchwa wake. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia British Library, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Januari 2013 kule Timbuktu, Mali, wapiganaji walichoma maelfu ya miswada ya Taasisi ya Ahmed Baba, lakini mingi zaidi ya mji huo ilikuwa imekwisha kusafirishwa kwa siri hadi Bamako. Moto au udukuzi, somo ni lilelile walilolijua wanakili wa Siyu: kitu chenye nakala moja, mahali pamoja, ni kitu kinachosubiri kupotea.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Picha ziwekwe Lamu, Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar na kwenye vyuo vyetu vya bara pia, si London peke yake. Maelezo ya kila muswada yaandikwe kwa Kiswahili, ili anayetafuta asilazimike kujua Kiingereza kwanza. Na wanaoweza kusoma herufi hizo bila kubahatisha waketi na vijana wetu wa programu mapema, kwa sababu diski ngumu inanunuliwa dukani, lakini mzee anayejua kama ni "bata" au "pata" hanunuliki.

Wewe unayesoma hili, kama kwenu kuna kasha la vitabu vya babu, usilitupe. Likinge na maji, kisha tuzungumze.