Ghala na Ufunguo Wake: Historia ya Kutoa katika Handeni na Korogwe

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya jambo ambalo kila mmoja wenu amelifanya, pengine wiki hii hii, nalo ni kutia mkono mfukoni na kumtolea mwenzake. Tutazitazama wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, yaani Handeni na Korogwe. Halafu tutauliza kwa nini mifuko ya hisani ya Afrika Mashariki imeona heri kushirikiana, ili watu wa mahali wachangie mambo yao wenyewe badala ya kungoja fedha za ng'ambo.

Wako wasemao kwamba watu wetu wamezoea kupokea tu. Kauli hiyo haina ukweli. Mtu akifiwa Korogwe, kabla jua halijatua daftari imekwisha funguliwa, na majina yanaandikwa. Arusi nayo ina kamati na mweka hazina wake. Kwa hiyo swali letu si kama watu hutoa. Swali ni hili: mbona baada ya kutoa kwingi hivyo hakibaki kitu? Msiba ukiisha, fedha zimekwisha. Mwaka wa njaa ukija, au kisima kikiharibika, tunaanza upya mikono mitupu. Ili kujibu, yatupasa kurudi nyuma.

Zamani za kabla ya Wadachi, katika Uzigua, ambako ndiko Handeni ya leo, ghala lilikuwako. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake juu ya nchi hiyo kilichotoka mwaka 1992, ameeleza jinsi wakubwa wenye mali walivyoweka akiba ya chakula na mifugo. Mvua zikikosa, wale waliowafuata walikula kwao. Hawakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Mkubwa asiye na watu si mkubwa, na mtu aliyelishwa wakati wa njaa alidaiwa kazi na utii. Upande wa Korogwe na milima ya Usambaa, ushuru wa mifugo na vyakula ulikwenda Vuga kwa mfalme, Simba Mwene, na watu walimpima mfalme wao kwa mvua na shibe.

Lakini tusiipambe nchi ya zamani. Wako waliokosa mkubwa wa kuwalisha. Njaa ya miaka ya 1830 iliwashusha Wazigua wengi hadi pwani, wakajiweka mikononi mwa wengine kwa ajili ya chakula, wakapakiwa majahazini na kuuzwa utumwani upande wa Somalia. Vizazi vyao vilikaa katika bonde la Mto Juba, na baadhi yao hawakuiacha lugha ya Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka 1991, wengine walikimbilia Tanzania, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu, halafu Chogo, ambako walipewa ardhi ya kulima. Wengi wao baadaye walipata uraia. Basi nchi ambayo babu zao waliiacha kwa kukosa chakula iliwapa wajukuu mashamba. Sijui mahali pengine ambapo deni la njaa limelipwa baada ya zaidi ya miaka mia na hamsini.

Ghala hilo la wakubwa lilivunjika kwa muda mfupi. Sotoka iliua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Nzige walishuka 1894, njaa ikafuata. Kodi ya nyumba ya Wadachi ilianza 1898, nayo ilitakiwa fedha au kazi. Mkulima aliuza mahindi yake mara baada ya mavuno ili alipe kodi, na miezi michache baadaye akanunua mahindi kwa bei ya juu. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakatandaa bondeni. Wakubwa wa Uzigua hawakuwa tena na mifugo wala biashara ya pwani ya kuwawezesha kujaza ghala. Jumbe wa serikali alikuwa na mamlaka ya kutoza, lakini hakuwa na kitu cha kulisha. Ona mabadiliko hayo: watu waliendelea kutoa, tena zaidi kuliko kwanza, ila walichotoa kilikwenda mbali na ufunguo ukakaa mbali.

Hata jina la kazi ya pamoja lilichafuka. Msaragambo, ambao wenyeji wa Tanga wanaujua kuwa ni kazi ya kusaidiana, uligeuka katika masikio ya wengi kuwa amri ya kulima barabara ya serikali. Jambo hili ni zito, maana tutaliona tena baada ya Uhuru.

Hapa yafaa tutaje desturi nyingine iliyotoka pwani, kutoka Pangani na Tanga, nayo ni wakfu. Mtu huitoa nyumba yake au minazi yake iwe wakfu. Mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, bali mapato yake hutunza msikiti, au maskini, au watoto wa chuo. Leo wataalamu wanatufundisha juu ya mfuko wa kudumu, ambao mtaji wake hauguswi na faida yake tu ndiyo itumiwayo, kana kwamba ni elimu mpya. Mwenye minazi wa Pangani hangehitaji kuelezwa mara mbili.

Mwaka 1945, huko Mombasa, kiliundwa Chama cha Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa uongozi wa Aga Khan wa tatu. Chama hiki chastahili kukumbukwa kwa njia yake ya kuchanga. Waislamu wa mahali wakikusanya shilingi moja kwa ajili ya shule au msikiti, Aga Khan naye alitoa shilingi moja. Fedha ya nje haikutangulia. Ilifuata fedha ya ndani. Chama kilivuka mipaka ya Tanganyika, Kenya na Uganda, na matawi yake yakafika hata mijini midogo. Makao yake makuu yalihamia Dar es Salaam 1961. Mwezi Desemba 1968 Serikali ya Tanzania ilikipiga marufuku, na BAKWATA ikaundwa. Sababu zake za siasa si somo letu la leo. Lililo muhimu kwetu ni kwamba chombo kilichojua kulinganisha shilingi na shilingi kilitoweka.

Chama cha wazazi, TAPA, kilichoundwa 1955 chini ya mbawa za TANU, nacho kilijenga shule kwa michango ya wazazi ambao wengi wao hawakusoma. Baada ya Uhuru moto huo ulienea. Watu walifyatua matofali, walichimba mitaro, walijenga zahanati. Lakini Serikali yenyewe ilivutwa kwanza na miradi ya gharama kubwa. Huko Kabuku, Handeni, walowezi walipewa mashamba ya mkonge katika mpango wa makazi mapya. Mwezi Aprili 1966 Rashidi Kawawa alitangaza kwamba mipango ya namna hiyo isiendelezwe, kwa maana gharama ilikuwa kubwa na watu walikuwa wakiingojea Serikali iwafanyie kila kitu.

Fundisho hilo halikudumu. Serikali za wilaya zilivunjwa 1972, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976, na hivyo vyombo viwili ambavyo mkulima wa pamba wa Handeni au wa mahindi wa Korogwe aliweza kuvidai hesabu viliondolewa. Miaka hiyo hiyo, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, ulijengwa mradi mkubwa wa maji, ambao wenyeji wanauita HTM. Maji huchukuliwa Mto Pangani upande wa Korogwe na kusukumwa kwa mitambo hadi Handeni kwenye ukame. Mradi huu unaonyesha jinsi wilaya hizi mbili zinavyotegemeana: mmoja ana mto, mwingine ana kiu. Nao ulikuwa msaada wa kweli. Lakini mtambo unataka umeme, na bomba linataka fundi kila mwaka, na aliyetoa bomba hakutoa ghala la kulitunza. Kwa miaka mingi Handeni ilijulikana kwa punda na madumu kuliko kwa mabomba yake.

Mambo yalipofunguka tena, michango ilirudi kwa sura mbili. Sura ya kwanza ilianza Igunga mwaka 1996, katika Mfuko wa Afya ya Jamii, na sheria yake ilipitishwa 2001. Kaya ikilipa, Serikali iliongeza kiasi kile kile, na mpango huo uliitwa tele kwa tele. Jina zuri, nasi twaona ni ile ile shilingi kwa shilingi ya 1945. Sura ya pili ilikuwa michango ya sekondari za kata, hasa tangu 2006. Shule zilijengwa kweli kweli, na watoto wengi wa Handeni na Korogwe wasingelipata kidato cha kwanza pasipo hizo. Lakini mahali pengi mchango ulidaiwa na mgambo, kuku akachukuliwa, na risiti ikawa adimu. Mtoto akarudishwa nyumbani kwa sababu ya dawati. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni. Wazazi wengi walishukuru. Walimu wakuu wengine walibaki hawajui chaki itatoka wapi. Naona pande zote mbili zilikuwa na haki, maana mchango unaotolewa kwa hofu hauzai moyo wa kutoa.

Sasa tuje kwenye mifuko ya hisani. Mwaka 1914, katika mji wa Cleveland huko Marekani, mwenye benki mmoja, Frederick Goff, alitatua shida ya wasia wa matajiri waliokufa. Mali zao zilikuwa zimefungwa kwa masharti ambayo hayakumfaa mtu tena. Akaanzisha mfuko mmoja wa mji mzima, ambao kamati ya raia huamua kila mwaka faida yake iende wapi. Mbegu hiyo ilifika kwetu baadaye. Kenya ilipata mfuko wake wa maendeleo ya jamii, KCDF, mwaka 1997, kwa msaada wa mwanzo wa Ford Foundation na Aga Khan Foundation. Huko vikundi vya vijiji huweza kuweka mtaji wao wenyewe, na mfuko huwaongezea. Tanzania ilipata Foundation for Civil Society, iliyoandikishwa 2002, ambayo kwa muda mrefu iligawa hasa fedha za serikali za Ulaya. Mifuko ya miji ilijaribiwa pia Arusha, Morogoro na Kinondoni.

Mwaka 2003 mifuko ya Kenya, Uganda na Tanzania iliunda umoja wenye makao Nairobi, ambao siku hizi huitwa East Africa Philanthropy Network. Mtu atauliza, mifuko ishirikiane kwa nini, ikiwa kila mmoja una watu wake? Jibu moja ni sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka kwamba mfanya biashara aweza kuiondoa sadaka yake katika mapato yatozwayo kodi, lakini isizidi asilimia 2 ya mapato hayo. Mfuko mmoja mdogo hauwezi kubishana na Wizara ya Fedha juu ya jambo la namna hiyo. Mifuko mingi pamoja yaweza kusikilizwa. Jibu la pili ni hesabu. Mfuko ukiiba, mifuko yote huitwa wezi, basi ni faida yao kukaguana na kupeana mafunzo ya kuandika vitabu vya fedha. Na jibu la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa, ni tele kwa tele: mfuko mkubwa wa nchi ukikubali kulinganisha kila shilingi inayokusanywa wilayani, kijiji hakianzi tena mikono mitupu.

Lakini kuna hatari. Umoja wa mifuko waweza kuwa ofisi nyingine ya Nairobi au Dar es Salaam, yenye semina na taarifa nzuri, nao ufunguo ukawa mbali vile vile kama wakati wa kodi ya nyumba. Kwa hiyo itazameni vikoba, ambavyo vimo Handeni na Korogwe kama mahali pengine. Njia hiyo ilianza Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, nayo ilifika kwetu kupitia Zanzibar. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Tena ndani yake, kando ya hisa na mikopo, kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya mgonjwa na mfiwa. Hakuna mgambo, wala kuku hachukuliwi.

Kazi ya kikundi kwa juma hili. Katibu aandike ubaoni michango yote ambayo wanakikundi wametoa tangu mavuno yaliyopita: misiba, arusi, msikiti, kanisa, shule, kikoba. Ajumlishe. Kisha mjadili haya: fungu gani la jumla hiyo mngekubali liwekwe katika mfuko wa kudumu wa wilaya, mtaji wake usiguswe, nani angeshika kila ufunguo kati ya zile tatu, na sanduku lenyewe likae wapi, Korogwe mtoni au Handeni.