Roboti ni mtu wa shokoa: Onyo la 1920 tunalolisoma kinyume

KILA mjadala wa akili unde unapozuka, iwe ni katika kongamano la wasomi au ndani ya matatu, hakosi mtu wa kusema: “Ngojeni tu, roboti zitatutawala.” Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba hatuulizi tena ilitoka wapi. Leo nataka tuifuate hadi kwenye chimbuko lake. Neno roboti lina historia, na nionavyo mimi, historia hiyo inaonyesha kwamba kwa muda mrefu tumekuwa tukimwogopa asiye.

Neno lenyewe lilizaliwa mwaka wa 1920 nchini Chekoslovakia. Mwandishi na mwanahabari Karel Čapek alikuwa na wazo la tamthilia kuhusu watu wanaotengenezwa kiwandani ili wafanye kazi. Tatizo lake lilikuwa jina. Alifikiria kuwaita kwa neno lenye mzizi wa Kilatini unaohusu kazi, lakini likamkera kwa kuwa la kivitabu mno. Akamwendea kaka yake Josef, aliyekuwa mchoraji. Josef, brashi ikiwa mdomoni na macho yakiwa kwenye turubai, akamwambia awaite roboti. Karel mwenyewe alikisimulia kisa hiki gazetini mwaka wa 1933 ili sifa ya kulibuni neno imwendee mwenyewe.

Josef hakulitoa neno hilo hewani. Katika Kicheki, robota ilikuwa kazi ambayo mkulima alilazimika kumfanyia bwana mwenye ardhi bila ujira. Mkulima alikuwa na shamba lake la kumtoa kijasho, lakini kwanza alitakiwa alime la bwana. Mfumo huo ulifutwa katika milki ya Austria mwaka wa 1848, na miaka 70 baadaye neno lilikuwa bado linauma masikioni mwa Wacheki.

Sisi nasi tuna neno la jambo hilo, ingawa siku hizi ni nadra kulisikia. Waswahili huiita shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo. Basi tukilitafsiri neno la Josef kwa haki, roboti ni mtu wa shokoa. Hakuna chuma katika maana hiyo, wala taa mbili nyekundu mahali pa macho.

Jina la tamthilia pia lina siri yake. Inaitwa R.U.R., kifupi cha maneno yenye maana ya “Roboti wa Rossum wa Kazi Zote.” Rossum ni jina la mwenye kampuni, lakini Mcheki akilisikia hulisikia neno rozum, yaani akili. Ilikuwa hadi mwaka wa 1955 ambapo John McCarthy na wenzake huko Marekani walitumia istilahi ya akili ya kuundwa katika pendekezo lao la utafiti. Čapek alikuwa ameshatangulia kuyaweka maneno hayo mawili, akili na shokoa, kwenye kibao kimoja cha biashara.

Na ndani ya tamthilia kuna nini? Kuna Rossum wawili. Rossum mkongwe ni mwanasayansi anayetaka kuumba mtu ili athibitishe kwamba Mungu hahitajiki. Rossum kijana ni mhandisi, na hana habari na Mungu. Yeye anapiga hesabu tu. Mfanyakazi bora ni yupi? Ni yule wa bei nafuu. Basi anamwondolea mtu kila kisichohitajika kazini, na anachobaki nacho ndicho roboti. Kiwanda kinajengwa kisiwani, roboti wanauzwa dunia nzima, na meneja mkuu, Domin, anaota siku ambayo bidhaa zote zitakuwa rahisi na binadamu hatafanya kazi tena.

Kinachotokea ni kinyume. Serikali zinawanunua roboti, zinawapa silaha na kuwatuma vitani. Wanadamu wenyewe wanaacha kuzaa. Hatimaye roboti wanaasi na kuwaua watu wote isipokuwa Alquist, mjenzi, wanayemwacha hai kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Kabla ya mwisho huo, wakubwa wa kampuni wamezingirwa ndani ya jengo lao wakiulizana nani wa kulaumiwa. Mhasibu, Busman, anatoa jibu ambalo kwangu ndilo kiini cha tamthilia nzima: hakuna meneja aliyeamua, eti soko ndilo lililoamua. Watu walitaka roboti, oda zikaja, kiwanda kikazidi kutoa. Hakuna aliyeshika breki kwa kuwa kila mmoja aliamini breki iko kwa mwenzake.

Hapa isimu inatusaidia kuona jambo ambalo Kiingereza hulificha. Mfasiri wa R.U.R. kwa Kiswahili angelazimika kuamua mapema: je, ni roboti hii au roboti huyu? Upatanisho wetu wa kisarufi haukubali mtu akae kando. Domin, anayeuza bidhaa, angesema “roboti hii imeharibika.” Helena, msichana anayefika kisiwani akitaka kuwatetea, angesema “roboti huyu ameumia.” Mgogoro wote wa tamthilia umo ndani ya kiambishi hicho. Na swali halimhusu roboti pekee. Ni swali la kale: yule anayekufanyia kazi, unamhesabu katika ngeli gani?

Tamthilia ilionyeshwa Prague Januari 1921, ikafika New York Oktoba 1922 na London mwaka uliofuata. Ilipozidi kuzunguka, roboti walianza kugeuka. Katika maandishi ya Čapek walitengenezwa kwa kitu mfano wa nyama, na wangeweza kupita njiani usiwatambue. Katika fikira za umma wakawa masanduku ya chuma yenye miguu. Čapek alilalamika gazetini mwaka wa 1935 kwamba hakuwahi kukusudia mitambo ya aina hiyo. Malalamiko yake hayakufua dafu. Kufikia filamu ya The Terminator mwaka wa 1984, mtazamaji anatoka ukumbini akikumbuka fuvu la chuma linalometameta. Kwamba mfumo ulioutengeneza mtambo ule uliundwa kwa ajili ya jeshi, na kuna watu walioamua kuukabidhi silaha, hilo halimkai sana kichwani. Onyo juu ya mwenye kiwanda likawa onyo juu ya bidhaa yake.

Mwaka wa 1920 una uzito wa pekee kwetu. Wakati Čapek akiandika habari za shokoa ya kubuni, hapa kwetu shokoa halisi ilikuwa ikiwekewa utaratibu. Mwaka wa 1919 utawala wa Gavana Edward Northey ulitoa waraka ukiwataka maafisa na machifu “kuwahimiza” Waafrika waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Chifu aliyehimizwa na serikali alijua vyema namna ya kuhimiza. Mwaka wa 1920 ndio pia nchi hii ilipotangazwa rasmi kuwa koloni. Na ni katika kipindi hicho hicho ambapo sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka wa 1915, ilianza kutekelezwa.

Wazee wetu walikijua kipande. Mwanamume alikibeba ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri, ujira, na tarehe za kuanza na kumaliza kazi. Asiyetiwa saini na mwajiri hangeweza kuajiriwa kwingine. Mtu alipunguzwa hadi akabaki na yale tu yaliyomfaa mwajiri kujua, sawasawa na hesabu ya Rossum kijana.

Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar wakati huo, Frank Weston, aliona lililokuwa likitendeka Afrika Mashariki na mwaka huo huo wa 1920 akachapisha kijitabu cha kulilaani. Katika kichwa cha kijitabu hicho aliwaita Waafrika hawa kwa lile jina ambalo Ulaya iliwaita wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana. Ni watu wale wale wa robota. Čapek na Weston, mmoja jukwaani na mwingine kanisani, waliutumia msamiati mmoja katika mwaka mmoja.

Na watu wenyewe hawakunyamaza. Harry Thuku na wenzake walipinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa, naye Thuku akakamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi kudai aachiliwe, ulimiminiwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. R.U.R. ilikuwa bado haijafika New York.

Je, haya yana uhusiano gani na akili unde ya leo? Yana uhusiano wa karibu kuliko tunavyodhani. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha matini za ukatili na udhalilishaji wa kingono, kusudi programu ya ChatGPT ijifunze kuzitambua. Mashine tunayoambiwa inajifikiria yenyewe imepitia mikononi mwa vijana wa hapa hapa, na baadhi yao walisema kazi hiyo iliwavuruga akili. Mnamo Mei Mosi mwaka huo, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi na kuazimia kuunda chama chao. Kwa hivyo anayesema “roboti zitakuja” amechelewa. Wafanyakazi ambao Čapek aliwafikiria wapo, wanapanda matatu pamoja nasi, na ngeli yao ni ya A-WA.

Fasihi yetu nayo ilishatupa fomula ya kulisoma onyo hili. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi anamrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo cha ajabu hadi nchi ya mbali yenye usawa. Jina la nchi hiyo ukilitenganisha unapata sentensi: wale ni sisi. Riwaya ya kisayansi yenye thamani humpeleka msomaji mbali ili ajione mwenyewe. Ikimpeleka mbali na kumwacha huko akiogopa mazimwi, imemburudisha tu.

Sisemi mashine hazina hatari zake. Roboti wa Čapek huua kweli, na chombo kinachoweza kuamua kinahitaji kudhibitiwa. Ninachosema ni kwamba hofu ya chuma ni hofu rahisi, na inawafaa sana wenye viwanda. Ukimwogopa zimwi lijalo humuulizi mtu wa leo kuhusu mishahara, mikataba, wala aliyetoa oda.

Nimalizie na suala la istilahi, maana hii ni safu ya lugha. Wapo wasemao akili bandia, wapo wasemao akili mnemba, na wapo wasemao akili unde. Mimi naegemea upande wa hawa wa mwisho. Bandia ni mwanasesere au kitu cha kughushi, na neno hilo linatushughulisha na swali la kama akili hiyo ni ya kweli ama ni ya uongo. Unde linatokana na kuunda, kitenzi ambacho watu wa pwani wamekitumia tangu jadi kwa ujenzi wa vyombo vya baharini. Chombo hakijiundi. Kina fundi aliyekichonga, kina tajiri aliyegharamia mbao, kina nahodha, na kina mabaharia wanaovuta makasia kwa ujira fulani. Tukiliteua neno hilo, basi kila tunapolitamka tutakuwa tumejikumbusha kuuliza ni nani aliyeunda, kwa fedha za nani, na kwa jasho la nani.

Josef Čapek, aliyelitoa neno roboti brashi ikiwa mdomoni, alikamatwa na Wanazi mwaka wa 1939 na akafa mwaka wa 1945 katika kambi ya Bergen-Belsen. Alikuwa amepitishwa katika kambi kadhaa za watu ambao, kama wakulima wa robota, walifanyishwa kazi kwa nguvu. Mdogo wake alikuwa ameshafariki mwaka wa 1938. Hakuna mashine iliyomkamata Josef. Walimkamata watu, wakiwa na orodha, sheria na mihuri yao.