Medali ya mzee haimo kwenye kumbukumbu zake za jeshi: aanzie wapi?

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, na Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Kutoka Mbeya na Iringa walikwenda wanajeshi na mgambo. Leo tunakutana na wazee wenye cheti cha utumishi kisichotaja medali ya vita hivyo.

Mzee akisimulia, majirani humwamini. Ofisi huangalia karatasi. Basi kwanza fungueni sanduku lake mtafute namba ya jeshi, cheo, kikosi, kombania, na tarehe za kuandikishwa na kuachishwa.

Mwanajeshi mstaafu aandike barua Makao Makuu ya JWTZ, akitaja mambo hayo yote. Aliyekuwa mgambo anaweza kuanza kwa kuuliza kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya yake.

Kama cheti kina jina la babu na kitambulisho cha taifa kina jina la ukoo, apate hati ya kiapo kwa wakili. Barua iende na nakala tu, cheti chenyewe kibaki nyumbani. Anayedai pesa ili "kuharakisha" mkataeni.

Kisha watafuteni wenzake wa kombania ile, waandike walichokiona na kusaini. Hilo lisingoje mavuno. Aliyekuwa na miaka 20 siku Kampala ilipotwaliwa alizaliwa 1958 au 1959, na mashahidi wanapungua kila mwaka.