Mlango wa Ukumbi ni wa Nani?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja nyumbani jioni moja akiwa na bahasha mkononi. Ana bendi ya watu wanne, wanafanyia mazoezi bandani, uani kwa shangazi yake, na sisi majirani tumeshazoea kelele. Ndani ya bahasha mlikuwa na tiketi. Promota mmoja amewapa nafasi ya kupiga dakika 25 katika onyesho la msanii mwenye jina, kwa sharti kwamba kwanza wanunue tiketi 60, shilingi 10,000 kila moja, kisha wakaziuze wenyewe. Shilingi 600,000 zilikuwa zimeshalipwa. Kijana alikuwa ameuza gitaa lake la akiba ili zitimie. Kwangu alikuja kuniuzia mbili.

Nilinunua. Siku ya onyesho walipandishwa jukwaani saa 11 jioni, mafundi mitambo wakiwa bado wanavuta nyaya, na ukumbini tulikuwa sisi majirani, shangazi na wauza karanga. Tiketi walizouza zilikuwa 22. Shilingi 220,000 zilirudi, 380,000 zikapotea, na hapo sijataja teksi ya kubebea ngoma. Nilipomwuliza kwa nini alikubali, alinijibu kwa upole: "Mzee, kazi hii ndivyo ilivyo tangu zamani."

Neno hilo, tangu zamani, ndilo lililonikosesha usingizi. Kwa sababu si kweli.

Hebu twende mbali kidogo, Vienna, mwaka 1784. Wolfgang Amadeus Mozart alikuwa na miaka 28 na hakuwa na mwajiri. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameachana na askofu mkuu wa Salzburg. Mwenyewe alimwandikia baba yake kwamba ofisa wa askofu alimtoa nje kwa teke. Basi Kwaresima ya mwaka ule akachukua ukumbi katika jengo la Trattnerhof, akatangaza maonyesho matatu ya Jumatano, akapitisha orodha kwa watu wenye uwezo: guldeni 6 kwa yote matatu. Tarehe 20 Machi alimpelekea baba yake majina ya walioandikisha. Walikuwa 174. Ukizidisha unapata guldeni 1,044, na zikishatoka gharama, zilizobaki zilikuwa zake, wala hakuna mtu wa kati aliyemkata.

Julai 1789 alijaribu tena. Orodha ilizunguka wiki mbili ikarudi na jina moja tu, la Baron van Swieten. Mozart akamwandikia rafiki yake Puchberg, mfanyabiashara, kumwomba mkopo. Inasikitisha, lakini ni biashara inayoeleweka: aliyepata hasara mwaka 1789 ndiye yule yule aliyepata faida mwaka 1784. Alilipia ukumbi, na mlango ukawa wake.

Promota anaingia wapi? Anaingia pale mwanamuziki anaposema: mimi nitaimba, wewe beba mzigo wa ukumbi mtupu. Na hapa nitamtaja mtu ambaye kwa tabia nyingine nisingependa kumsifu. P. T. Barnum wa Marekani alianza biashara ya maonyesho mwaka 1835 kwa kuwatembeza watu macho juu ya mama mzee mtumwa, Joice Heth, akidai ana umri wa miaka 161 na kwamba alimlea George Washington. Uongo mtupu. Lakini mwaka 1850 bwana huyo huyo alitaka kumleta Marekani mwimbaji wa Sweden, Jenny Lind, na bibi yule hakumwamini kwa maneno. Alidai fedha ziwekwe benki London kwanza. Barnum akaweka dola 187,500, nyingine akizikopa, akaahidi dola 1,000 kwa kila onyesho hadi maonyesho 150. Na hakuwa amewahi kumsikia akiimba!

Sasa tazama hofu ya kufilisika inavyomfanyisha mtu kazi. Wamarekani wengi hawakumjua Jenny Lind, na santuri zilikuwa bado hazijavumbuliwa. Barnum aliyajaza magazeti habari zake miezi mingi kabla meli haijafika. Tiketi za onyesho la kwanza, New York, tarehe 11 Septemba, alizinadi kwa mnada, na ya kwanza ilinunuliwa na mtengeneza kofia aitwaye Genin kwa dola 225, naye kofia zake zikavuma kwa ajili hiyo. Mwaka uliofuata Jenny Lind alivunja mkataba kabla ya maonyesho 150 kutimia, kama mkataba wenyewe ulivyomruhusu. Kufikia hapo maonyesho yalikuwa yameingiza zaidi ya dola 700,000. Barnum alipata faida kubwa mno, pengine kuliko haki, lakini kila dola aliifukuzia, kwa sababu viti vikibaki vitupu angelia yeye.

Hata huku kwetu mzigo ulikuwa na mbebaji. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mvua ikinyesha na wapenzi wasipokuja dansini, mshahara uko pale pale. Sisemi ilikuwa pepo. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na mpiga gitaa aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Lakini hakuna aliyemwambia anunue tiketi 60 kwanza ndipo apewe jukwaa.

Mambo yaligeuka wapi, basi? Sehemu moja iliyogeuka waziwazi ni Los Angeles, Marekani, katika barabara ya burudani iitwayo Sunset Strip. Januari 1964 ulifunguliwa pale ukumbi wa Whisky a Go Go, na mwimbaji wake wa kwanza, Johnny Rivers, aliajiriwa kwa mkataba. Mwaka 1966 vijana wa The Doors, wasiojulikana bado, walikuwa bendi ya nyumbani ya ukumbi ule, wakipiga usiku baada ya usiku kwa malipo. Malipo madogo, ndiyo, lakini fedha zilitoka kwa mwenye ukumbi kwenda kwa mpigaji. Ukumbi ulifungwa mwaka 1982. Ulipofunguliwa tena mwaka 1986, ulikuwa wa kukodisha: mapromota na bendi walikodi kuta nne, wakajijua wenyewe.

Ndani ya miaka ile ya themanini mtindo wa lipa ndipo upige ulienea katika kumbi za Sunset Strip. Sababu si ngumu kuiona. Kampuni za santuri zilikuwa zikiokota bendi za roki mtaa ule, vijana wakamiminika kutoka kila pembe ya Marekani, na bendi zikawa nyingi kuliko majukwaa. Mwenye jukwaa akaona hana haja tena ya kubahatisha. Akawapa bendi bunda la tiketi, wakalipa kabla, wakaingia mitaani kuuza na kubandika matangazo kwenye nguzo za umeme. Uingereza nako mtindo huo uliingia, na Chama cha Wanamuziki cha huko kinawashauri wanachama wake wasiukubali.

Wako watakaosema: mbona Mozart naye alilipia ukumbi? Tofauti iko mlangoni, msikilizaji. Anayekodi ukumbi kihalali anapanga kiingilio, anachagua siku na saa, na fedha za mlangoni ni zake. Kijana wetu alilipia kama mwenye ukumbi, akauza tiketi kama karani, akapiga kama kibarua, na mlango ukabaki wa mtu mwingine. Chukulia bendi tano za mwanzo zimenunua tiketi 60 kila moja. Promota ana shilingi 3,000,000 mfukoni kabla hajachapisha hata tangazo moja. Kwa nini ajisumbue kulichapisha? Barnum alitangaza kwa kuwa aliogopa. Huyu anaogopa nini?

Na muziki wenyewe unaumia kwa njia ambayo haionekani upesi. Bendi ikiuza tiketi kwa ndugu na marafiki, ndugu hao huja, husikia dakika zao 25, huondoka. Bendi inayofuata inaanza na watu wapya, nao ni ndugu zake. Hakuna anayepata mpenzi hata mmoja ambaye hakuwa naye tangu asubuhi. Mara ya pili ndugu wananunua kwa kusitasita, mara ya tatu wanajificha wakisikia hodi. Na anayepandishwa saa 3 usiku, saa nzuri, si aliye hodari, ni mwenye ukoo mkubwa.

Nilimwomba kijana anionyeshe mkataba. Ulikuwa karatasi moja. Ulisema tiketi zikishachukuliwa fedha hazirudi. Ulisema promota anaweza kubadili saa ya bendi kupanda, na kwamba onyesho likiahirishwa tiketi zitatumika siku nyingine itakayotangazwa. Ulisema bendi isipige mahali pengine mjini kwa siku 30 kabla. Kuhusu promota atafanya nini, ulikuwa na mstari mmoja: atatoa nafasi. Yule msanii mwenye jina, ambaye kwa ajili yake vijana waliuza gitaa, hakutajwa popote. Angeugua asifike, wasingekuwa na la kudai.

Juzi kijana alipita tena, safari hii bila bahasha. Wamepata ukumbi mdogo wa chama cha ushirika, shilingi 150,000 kwa jioni moja, nusu wamelipa na nusu watalipa usiku huo. Kiingilio shilingi 3,000, kwa hiyo wanahitaji watu 50 ili wasidaiwe. Shangazi atakaa mlangoni na kopo la fedha. Onyesho ni Jumamosi, saa 2 usiku, na mawingu nayaona yanakusanyika.