Upumuaji wa pua na wa mdomo (Eastlands, Nairobi)

Puani, vinyweleo na kamasi hunasa vumbi, na hewa hupata joto na unyevu kabla ya kufika mapafuni; mdomo hauna kinga hiyo. Tofauti hii ni nzito Dandora na Korogocho, kando ya jaa lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa limejaa mwaka 2001, ambako taka bado huchomwa. Mtoto aliyezibwa pua na mafua hulala mdomo wazi, moshi ukamwingia kooni moja kwa moja. Hata hivyo, chembe ndogo kabisa hupenya hata kinga ya pua. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipima watoto 328 wa karibu na jaa hilo: karibu nusu walikuwa na magonjwa ya njia ya hewa. Kwa hiyo jaa lihamishwe.