Dawa za zamani zinavyotafutiwa kazi mpya katika tiba ya saratani ya tezi dume

KWA mwanamume wa Ogembo, Kaunti ya Kisii, anayegunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, tiba ya mionzi humaanisha majuma kadhaa mbali na shamba na jamaa. Kwa miaka mingi, wagonjwa wa eneo hilo wametegemea mashine za Nairobi na Eldoret. Safari ikiwa ya gharama kiasi hicho, ni muhimu kila kipimo cha mionzi kifanye kazi yake barabara.

Hiyo ndiyo sababu watafiti wanachunguza dawa zilizokwisha kuzoeleka, ambazo usalama wake unajulikana, ili kuona kama zaweza kuiongezea mionzi makali.

Mionzi huua seli za saratani kwa kuharibu chembe zake za urithi, na oksijeni huufanya uharibifu huo uwe wa kudumu. Mnamo 1953, mwanasayansi Louis Harold Gray wa Uingereza na wenzake walieleza kuwa seli zilizokosa oksijeni hustahimili mionzi. Seli hizo huweza kuhitaji kipimo kinachokaribia mara 3 ya kile cha kawaida.

Metfomini, dawa ya kisukari, hupunguza matumizi ya oksijeni ndani ya seli. Atovakuoni, dawa ya malaria, hufanya vivyo hivyo. Majaribio ya Oxford yaliyochapishwa 2021 yalionyesha hali hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Nchini Denmark, nimorazoli, dawa ya maambukizi ya sehemu za siri, hutolewa pamoja na mionzi kwa saratani za kichwa na shingo.

Kwa tezi dume, hata hivyo, ushahidi thabiti uko upande wa dawa zinazozima homoni za kiume. Mwaka 1997, utafiti wa Ulaya uliohusisha wanaume 415 ulionyesha kuwa asilimia 79 ya waliopewa mionzi pamoja na goserelini walikuwa hai baada ya miaka 5, ikilinganishwa na asilimia 62 ya waliopewa mionzi pekee. Abirateroni nayo iliidhinishwa Marekani 2011 kwa saratani iliyokwisha kusambaa. Mnamo 2022, utafiti ulionyesha kuwa huwafaa pia wanaume ambao saratani yao haijasambaa lakini ina hatari kubwa, wengi wao wakiwa wanapata mionzi.

Si kila tumaini lililotimia. Mwaka 2014, tadalafili ilishindwa kuwakinga wanaume waliopata mionzi dhidi ya upungufu wa nguvu za kiume. Mwaka 2024, ilitangazwa kuwa metfomini haikurefusha kwa kiwango cha kuaminika maisha ya wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imesambaa.

Kwa hivyo, mgonjwa hapaswi kujinunulia vidonge hivi dukani. Tezi iliyovimba huweza kuziba mkojo na kudhuru figo, na metfomini hurundikana mwilini mwa mtu mwenye figo dhaifu na kuhatarisha maisha yake. Lililo salama ni kumweleza daktari kila dawa anayotumia, na kumwuliza ikiwa matibabu ya homoni yanafaa kuandamana na mionzi yake.