Unataka Job ya IT na Huna Digrii? Anza na Chama ya Mathako

Uko kwa duka ama boda, na kila usiku uko YouTube ukijifunza kuandika programu. Digrii huna. Hiyo si mwisho wa risto, lakini lazima uwe na kitu ya kuonyesha.

Kujifunza si noma. freeCodeCamp ni bure, hata cheti. CS50 ya Harvard ni bure pia, ni ile cheti ya edX inalipiwa. Moringa School hapa Nairobi inafunza tangu 2014, lakini hiyo unatoa doo. Tafadhali usikope kwa app ulipe karo kabla ujaribu vitu za bure miezi kadhaa. Unaweza gundua hii kazi hupendi, na deni iko palepale.

Sasa, shida ni wasee wa kozi moja hutoka na miradi ile ile: kikokotoo, programu ya hali ya hewa. Wewe fungua akaunti ya Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu yako na M-Pesa. Ni bure, na unapewa namba ya majaribio, 174379. Jitumie STK Push ya bob moja, uone simu yako ikiuliza PIN. Hiyo siku hutalala, naapa.

Kisha tengenezea chama ya mathako kitu inaonyesha nani amelipa na nani bado. Hapo ndio kazi inaanza. Mtu ataandika namba na 07 na Daraja inataka 254. Mwingine ataweka PIN, network ipotee, jibu lichelewe, na programu yako imdai tena. Mama atakupigia akiwaka! Vile ulisolve hiyo ndio utaeleza kwa intavyuu. Kutumia pesa za ukweli, chama itahitaji paybill ama till yake.

Kuna milango bado inaitisha karatasi. Visa ya H-1B ya Marekani inataka digrii ama kitu inalingana nayo, na kazi nyingi za serikali pia. Na hata ukiingia, anayeanza ndiye hukatwa kwanza: 2019 Andela iliachisha madevelopa wachanga 250 Nigeria na Uganda.

So usiache job bado. Muulize mdosi wako ni hesabu gani humsumbua kila jioni akifunga duka.